Jiko la Pili

Watu wa mtaa ule walikuwa waongo wa jambo moja tu. Katika mengine yote walikuwa waungwana kabisa: ukiishiwa chumvi unagongewa mlango kabla hujaomba, ukifiwa unakuta viti vimeshapangwa nje. Lakini ukimuuliza yeyote kati yao, "Kwako mnapikia wapi?" angekutazama usoni bila kupepesa na kukujibu, "Jikoni, kwani wewe unapikia wapi?" Na nyuma ya ukuta wake mtu mwingine anakaanga vitunguu.

Kisa chake ni sheria ndogo ya jiji. Upande ule ulikuwa umetengwa kuwa eneo la kaya moja, yaani kiwanja kimoja, nyumba moja, kaya moja. Vitanda huwezi kuvihesabu, maana mtu ana haki ya kuwa na wageni, kwa hiyo wakubwa wa mipango miji wakaamua kuhesabu majiko. Wakikuta jiko la pili, hiyo ni kaya ya pili, na kaya ya pili inavunjwa. Hawavunji watu, la hasha. Wanavunja jiko na kuta zake, halafu watu wanatafuta wenyewe pa kwenda.

Sasa niambie, nani hana jiko la pili? Vijana wanaoa, wazazi wanazeeka, na vyumba vya kupanga mjini bei yake haishikiki. Nyumba za mtaa ule zilikuwa ndefu na nyembamba, zimegusana ubavu, na nyuma ya kila moja palikuwa na uga mdogo usiofikika ila kwa kupita ndani. Kila mwenye uga aliongeza chumba, na chumba kikazaa jiko. Aliyewafichia wote alikuwa seremala mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kabati.

Kabati lake ukilitazama ni kabati tu. Milango ya kioo, vikombe vya wageni, sahani ambazo hakuna aliyewahi kuzilia. Linasimama mwisho wa korido kama vile lilizaliwa pale. Kumbe chini yake kuna magurudumu, na ukijua pa kubonyeza linasogea kwa mkono mmoja, nyuma yake mlango. Wakaguzi wa jiji walipita miaka nenda miaka rudi wakayasifia makabati yale, wakaandika kwamba hakuna tatizo, wakaenda zao. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na majivuno ya kimyakimya, mmoja wa wale ambao ukiwasifu wanasema "kawaida tu" halafu usiku mzima wanamsimulia mke.

Na kwake mwenyewe, nyuma ya kabati zuri kuliko yote, aliishi mama mkwe wake. Wenzake hawakuacha kumtania. "Sisi tunaomba mama wakwe zetu wakae mbali," walimwambia, "wewe wako umemtia kabatini." Fundi alicheka nao, lakini hakuwaeleza kitu, maana yale mambo ya mama yalikuwa yanamgusa.

Macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Yalianza kwa ukungu, ukungu ukawa giza. Mwanzoni alikaa mbele pamoja nao, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu binti yake, mke wa Fundi, alikuwa mshonaji na mtu wa haraka, anayeacha kitu popote mkono wake unapoishia. Leo birika liko kulia, kesho liko kushoto. Siku moja mama akalifuata lilipokuwa jana, akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Tangu hapo wakamkataza jiko. Akawekwa kitini, akaletewa chakula, akaletewa chai, akaletewa maji ya kunawa. Alianza kukonda, na si kwa njaa. "Siku mtu anapolishwa kama kifaranga," alisema, "ajue wanamngojea tu."

Fundi alichukua mbao. Alijenga. Kule ugani alimjengea mama chumba na jiko lililopimwa kwa mikono yake: rafu zisizopita urefu wa bega lake, zenye ukingo mbele ili kitu kisidondoke, na kwenye mbao akakata chale za kupapasa, moja kwa chumvi, mbili kwa sukari, duara kwa majani ya chai. Toka kitandani mpaka jikoni aliweka ukutani mkondo wa ubao uliolainishwa, wa kushikia akitembea. Mama aliupapasa, akaujifunza, na asubuhi moja akamletea mkwewe kikombe cha chai kwa mkono wake mwenyewe, hajamwaga hata tone. Fundi alikunywa, akashukuru, akaenda karakana, akalia. Mwenyewe anakanusha mpaka leo, lakini alilia.

Basi tuje kwenye balaa. Diwani wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watoto ng'ambo ya uwanja, alichoshwa na uongo huu wa mtaa mzima. Akapeleka hoja kwenye baraza la jiji: eneo lile libadilishwe, kila kiwanja kiruhusiwe kaya mbili, watu waishi wazi kama binadamu. Baraza likasema sawa, lakini kwanza tujue kama uhitaji upo. Watumwe watu wapite nyumba kwa nyumba, wahesabu ni viwanja vingapi vina kaya mbili tayari.

Diwani alizunguka mtaa mzima akiwasihi. "Safari hii fungueni makabati. Hawa hawaji kukamata mtu, wanahesabu ili tusaidiwe." Kila mmoja alimjibu, "Hilo halina shaka, mheshimiwa." Na walikusudia hivyo, Mungu shahidi. Lakini kizibao cha njano cha mtu wa jiji ni kizibao cha njano, awe mkaguzi au mhesabuji. Siku ile wahesabuji walipotokeza kona ya mtaa, mchomea vyuma wa pale mwanzo akakiona kizibao, na mkono wake ukagonga bomba kama ulivyozoea kugonga miaka yote wakaguzi wakija. Ngo, ngo. Mtaa mzima ukasikia makabati yakiteleza.

Fundi naye alikuwa karakana. Alikuwa wa kwanza kusema kwamba atafungua. Aliposikia bomba likilia aliacha msumeno, akakimbia nyumbani, akalisukuma kabati lake kwa mikono yake miwili, akasimama mbele yake akihema na kumwambia mhesabuji, "Karibu, hapa tuko mimi na mke wangu tu." Mkono ulitangulia akili. Nyuma ya kabati mama alikuwa amefunika sufuria, amezima moto, ameketi kimya kama alivyofundishwa.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa shule. Afisa mipango miji, kijana mpole mwenye tai nyembamba, alisimama na kusema kwamba kazi imefanyika kwa uangalifu, na kwamba nyumba zenye kaya mbili katika mtaa ule hazikuonekana hata moja. Watu walitazama viatu vyao, kila mtu vyake.

"Kwa hiyo uhitaji haupo," alisema diwani mwingine, mwenyekiti wa kamati ya mipango, mzee mrefu ambaye watu walimwita Bwana Kanuni kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila kutaja kanuni moja. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokiona, na alichokiona yalikuwa ni makabati. "Kamati itapendekeza hoja ikataliwe. Na kanuni ya sasa ikibaki, itasimamiwa. Jiji limepata kile kindege kisicho na rubani. Kitapita juu ya nyua zote na kupiga picha."

Hapo ndipo watu walipoinua vichwa. Kabati linaficha mlango, haliwezi kuficha paa.

Ukidhani hapo walisema ukweli, hujawajua. Aliyesimama alikuwa Mwalimu, mstaafu, mwenyekiti wao wa mtaa, suti imepigwa pasi mpaka inang'aa viwiko. Akaishukuru kamati. Akasema mtaa ule ni wa heshima, hautaki msongamano, hautaki vyumba vya uani. Alivyosema ungemwamini, ila kila mtu pale alijua kwamba nyuma ya kabati la Mwalimu anaishi mwanawe wa mwisho na mkewe na mtoto mchanga mwenye sauti ya filimbi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kesho yake Diwani alimfuata Fundi karakana. Alikaa juu ya rundo la mbao bila kulifuta vumbi.

"Fundi, kazi yako itatumaliza."

"Mheshimiwa, mimi nilifanya nilichoombwa."

"Najua. Umewaficha wakafichika. Sasa wanavunjiwa kwa sababu hawapo." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake. "Nimebanana na Bwana Kanuni tangu asubuhi. Amekubali jambo moja. Mwenye nyumba akiialika kamati kwa hiari yake, itakuja kuona kabla ya kura. Lakini sikufichi: ukifungua halafu hoja ikaanguka, wewe ndiye watakayeanza naye. Hawatahitaji kindege. Watakuwa wameona kwa macho yao."

"Na nisipofungua?"

"Kindege kitakuona baadaye kidogo kuliko hapo."

Jioni Fundi alilisogeza kabati, akaingia ugani, akamkuta mama anachagua maharage kwa vidole, mawe huku, maharage huku. Mke wake alikuwa pale pia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Fundi aliwaeleza yote, hakupunguza.

Mke alikataa papo hapo. "Hapana. Wewe unataka kuwapeleka kwa mkono mpaka kwenye sufuria ya mama? Wengine wote wamelala usingizi, sisi ndio tuwe chambo? Mimi nasema tungoje. Serikali hizi, leo kindege, kesho kimeharibika."

"Na kisipoharibika?" aliuliza mama.

"Kisipoharibika, mama, utakwenda kwa kaka kwa muda."

Mama aliendelea kuchagua maharage. Kaka mtu alikuwa na nyumba nzuri ghorofa ya juu kabisa upande wa pili wa jiji, na mke mwenye adabu, na kila walipokwenda kumtembelea, mama aliwekwa kwenye kiti kizuri karibu na dirisha ambalo halioni.

"Kwa kaka yako nitapendwa," alisema. "Nitapendwa nikiwa nimekaa. Sitaki. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tumeficha mpaka tumepitiliza. Lakini nyumba si yangu. Mwanangu, amri ni yako." Hayo ya mwisho alimwambia mkwewe, si binti yake, na hakumgeuzia uso kwa sababu ya heshima iliyokuwa kati yao.

Fundi alikuwa anautazama ule mkondo wa ubao, jinsi ulivyong'arishwa na kiganja kimoja kikipita kila siku. Aliogopa. Aliogopa kuupoteza kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote chenye misumari. Halafu alikasirika, na hasira ikamfaa zaidi kuliko hofu.

"Nitafungua," alisema. "Maji nimeshayavulia nguo."

Mke wake aliondoka bila kuaga, na usiku ule chakula kilipakuliwa kwa kishindo.

Fundi alijua kila kabati la mtaa ule, alijua na mlio wake. Angeweza kukaa na Bwana Kanuni kwa kikombe kimoja cha chai akamtajia nyumba zote mpaka mwisho. Diwani alimwomba hivyo. Akakataa. "Mtu amenifungulia mlango wake nikamfichia mama yake au mwanawe, leo niwe mimi wa kumtoa? Nitawaomba wafungue wenyewe." Akaenda mlango kwa mlango, siku mbili tatu, baada ya kazi.

Alipokelewa vizuri, na ndiyo ilikuwa shida. Kila mtu alimpa kiti. Mmoja alisema atafungua jirani yake akifungua, na jirani yake akasema vivyo hivyo juu yake. Mwingine alisema atafungua hoja ikishapita. Mwingine alikana kabisa kuwa na jiko la pili, mbele ya Fundi aliyelijenga, na alikana vizuri hivi kwamba Fundi alianza kujishuku. Mchomea vyuma ndiye pekee aliyesema ndiyo bila masharti. "Mimi ndiye niliyegonga bomba," alisema. "Sijalala vizuri tangu siku ile." Na mjane muuza maziwa, mwenye binti na wajukuu nyuma ya ukuta, alisema atafikiri.

Kwa Mwalimu alikwenda mwisho. Mwalimu hakumpa kiti.

"Umekuja kunitisha?"

"Nimekuja kukuomba, Mwalimu."

"Miaka yote nimewafundisha watu wa mtaa huu kufuata sheria. Leo nisimame mbele ya wanafunzi wangu niseme nini?" Sauti yake ilipungua nguvu. "Ukinitaja, Fundi, nitakuwa nimekwisha."

"Sitakutaja. Kabati lako ni lako." Fundi alikuwa na maneno mengine makali yaliyomjaa mdomoni, na aliyameza yote, na yalimchoma yakishuka. "Ila mjukuu wako akivunjiwa, usinitafute nimtafutie pa kulala."

Siku ya kamati ilikuwa ya jua kali. Walikuja madiwani kadhaa na afisa mwenye tai, Diwani wao mbele, Bwana Kanuni nyuma akiwa ameinamisha kichwa kwenye mlango mfupi. Majirani wakajazana barabarani kana kwamba wanapita tu. Mke wa Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, anashona kitu ambacho hakikuwa na haraka, hakuinua uso. Fundi aliwapeleka mpaka mwisho wa korido, akabonyeza pale panapobonyezwa, kabati likateleza. Afisa mwenye tai, ambaye alikuwa ameshika daftari lililoandikwa kwamba hakuna kitu pale, alibaki mdomo wazi.

Mama alikuwa anapika. Hakuwa amejipamba wala kuandaa hotuba. Mkono wake ulikwenda kwenye rafu, ukapapasa chale moja, ukachota chumvi. "Karibuni," alisema. "Wewe uliyesimama karibu na ndoo, sogea kidogo, hapo ndipo ninapopita."

Aliyesimama karibu na ndoo alikuwa Bwana Kanuni. Alisogea. Aliutazama mkondo, akaupitisha mkono, akapapasa chale za rafuni kama mtu anayesoma. "Mama, huoni?"

"Sioni, mwanangu. Lakini humu ndani sijawahi kuhitaji."

Bwana Kanuni aliondoa mkono rafuni. Ilionekana wazi kwamba limemwingia, na ilionekana pia kwamba hajui pa kuliweka. "Fundi," alisema hatimaye, "umefanya kazi nzuri na umekuwa mkweli. Lakini hii ni nyumba moja. Nyumba moja si uhitaji. Kwa kanuni, nyumba moja ni kosa. Wengine wako wapi?"

"Waulizwe wenyewe, mheshimiwa. Mimi nimejisemea."

Wakatoka barabarani. Diwani akawatazama watu wake, hakusema neno, na kwa mtu mwenye sauti ile kunyamaza kulikuwa kazi nzito. Mchomea vyuma akatupa kinga yake ya macho chini na kusema, "Njooni kwangu." Wakaenda, wakaona. Mjane muuza maziwa alikuwa ameshika mlango wake nusu. Akaufungua wote. Wakaingia, wakaona binti na wajukuu wamekaa mkekani, wameshikana mikono kwa woga.

Na wengine? Wengine walisimama. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, na siku ile vilikuwa vitatu, na bado chawa alikuwa mkubwa. Kamati ilipofika mbele ya nyumba ya Mwalimu, mtoto mchanga akaanza kulia ndani. Alilia kwa pumzi ya mtu mwenye haki zake. Barabara nzima ilisikia.

"Redio," alisema Mwalimu.

Bwana Kanuni alimgeukia Fundi. "Na kabati la humo nalo ni kazi yako?"

Mwalimu alikuwa amesimama wima, na jasho linamtiririka kwenye kola. Fundi alimtazama. Neno moja tu lingetosha, na nyumba ya nne ingehesabika, na labda ya tano na ya sita zingefuata kwa aibu. Alifikiria mkono wa mama rafuni. Alifikiria pia kwamba akifanya hivi leo, hakuna mtu wa mtaa ule atakayemwamini tena, wala hatajiamini mwenyewe.

"Nimetengeneza makabati mengi, mheshimiwa," alisema. "Ya watu siyasemei."

Hoja ilianguka. Ilianguka kwa kura chache, Diwani akipigana mpaka sauti ikamkauka, lakini ilianguka. Azimio likaandikwa: eneo linabaki la kaya moja, na kwa waliofungua milango kwa hiari hakuna faini, ila kila kiwanja chao kibakishwe jiko moja. Hoja inaweza kurudishwa mwaka ujao. Fundi, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na mchomea vyuma, alitoka nje ya ukumbi, akasimama kwenye ngazi.

Diwani alimfuata. "Nitairudisha," alisema kwa sauti ya kunong'ona, maana ndiyo iliyobaki.

"Irudishe. Nitakuwa nimekaa mbele, si nyuma."

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata, peke yake, na azimio mkononi. Fundi alikuwa ameshatoa nyundo. Alikuwa amekataa kuletewa vibarua; kama ni kuvunjwa, alisema, avunje aliyejenga. Alisimama mlangoni mwa jiko la mama, nyundo mkononi, na hakuweza. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, amevaa nguo yake ya kutokea. Mfuko wake ulikuwa umefungwa tayari kwa safari ya kwa mwanawe.

"Anza, mwanangu," alisema. "Usiniangalie mimi."

Mke wa Fundi alitokea kwenye korido, futi shingoni, pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kifuani. "Soma tena hilo azimio," alimwambia mkaguzi.

Mkaguzi alisoma. Kila kiwanja kibakishwe jiko moja.

"Lipi?"

"Lipi nini, mama?"

"Jiko lipi libaki? Wamesema lipi?"

Mkaguzi alisoma tena, safari hii kimoyomoyo, kidole kikifuata mstari. Akageuza karatasi nyuma, hakukuwa na kitu. "Hawajasema," alijibu.

Mwanamke yule alimpokonya mumewe nyundo. Hakwenda nyuma. Alikwenda mbele, jikoni kwake, jiko alilolingojea tangu siku ya harusi, lenye vigae vyeupe alivyovichagua mwenyewe na kumsumbua fundi wa vigae mpaka akasusa. Alisimama mbele yake kidogo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akapiga, na kigae cha kwanza kikapasuka.

"Nani huyo?" mama aliita kutoka nyuma. "Mbona mlio unatoka mbele?"

"Ni mimi, mama."

"Unavunja nini?"

"La kwangu."

Mama alikuja akipapasa mkondo mpaka ulipoishia, akaja akipapasa ukuta wa korido, akapita kando ya kabati, akafika kwenye mlango wa jiko la mbele, vumbi likimwingia puani. "Una wazimu? Utapikia wapi?"

"Kwako."

Mkaguzi aliitazama karatasi yake kwa bidii. Nje, mchomea vyuma na mjane muuza maziwa walikuwa wamefika, na nyuma yao watu wengine, na nyuma kabisa Mwalimu, bila koti.

"Kwangu," alisema mama, "ukichukua kitu unakirudisha pale ulipokikuta."

"Nitakirudisha."

"Tangu nikuzae hujawahi kurudisha kitu mahali pake."

"Basi nitajifunza, mama. Nina mwaka mzima mpaka wapige kura tena."

Akainua nyundo. Fundi alikwenda karakana kuchukua nyingine, akarudi, akasimama ubavuni mwake, wakaendelea kuvunja, yeye kona hii, mkewe kona ile.